Mtihani wa kidato cha nne: kufuata namba, kuanza na mepesi, au kuanza na insha?

Mtahiniwa_Novemba
Wakuu, habari za jioni. Niko kidato cha nne na Novemba ndiyo hiyo inabisha hodi. Mock ya mkoa imenitoa jasho: Historia niliacha insha moja nzima, Hisabati sikugusa maswali mawili ya mwisho. Si kwamba sikusoma. Msimamizi alipotangaza zimebaki dakika tano, mimi bado nilikuwa napiga mistari ya jedwali kwa rula.

Darasani kwetu kuna makundi matatu. Wapo wanaojibu kwa namba, la kwanza hadi la mwisho bila kuruka. Wapo wanaosaka mepesi kwanza. Halafu kuna wale wanaoanza na sehemu C, wanasema insha inataka kichwa ambacho hakijachoka. Nyie mliopita huko, ipi iliwafaa?

Mzee_wa_Benchi
Mimi nilikuwa kundi la insha. Likaja swali la Majimaji, na Majimaji nilikuwa naijua kama njia ya kwetu. Nikaandika, nikaandika, nikaomba karatasi nyingine. Kuinua kichwa, saa 3 na nusu. Yaani saa nzima na nusu kwa swali la alama 15! Sehemu B nikaijaza kama mtu anayekimbia mvua. Historia nikapata D, na hadi leo nikisikia jina la Kinjekitile natikisa kichwa.

Binti_Tanga
Kaka, hapo kosa si insha, ni kutoiwekea mpaka. Mimi pia nilianza na C nikatoka salama. Dakika tano za kwanza nilipanga hoja tu, neno moja moja. Swali likitaka hoja sita, naandika sita. Ya saba hata ingekuwa tamu vipi haina pa kuwekewa alama. Nusu saa ikiisha nahitimisha.

Ila nikiri jambo moja. Kwenye Biolojia niliruka huku na huku, nikasahau swali la 7. Nililiona nje, wenzangu wanalijadili chini ya mwembe. Wanaofuata namba hilo haliwapati.

Mchana_Kweupe
Jibu unalolijua, basi. Mnaligeuza kuwa sayansi.

Mwl_Majedwali
@Mchana_Kweupe, kila mwaka naona watoto wanaolijua jibu na muda umewaishia. Ni hesabu, si sayansi.

Karatasi ina saa tatu, dakika 180, na alama 100. Toa dakika 15 za kupitia kazi, zinabaki 165. Kila alama moja inapata dakika moja na sekunde 39. Mtu akishajua bei hiyo, hawezi kununua alama 15 kwa dakika 90 kama ndugu yetu wa Majimaji (pole sana, kaka).

Historia sasa. Sehemu A ni alama 16, za kuchagua herufi na kuoanisha. Kwa bei yetu ingepewa dakika 26, lakini herufi ama unaijua ama huijui, robo saa inatosha. Kinachobaki kipeleke mbele. Sehemu B maswali 6 ya alama 9, robo saa kila moja. Sehemu C insha mbili za alama 15, nusu saa kila moja. Mtihani ukianza saa 2:00 asubuhi, A uifunge saa 2:15, B saa 3:45, C saa 4:45. Kama utazishika saa hizo, kwangu ni mamoja uanzie juu au chini, ukianza na C utazipanga upya tu.

Hisabati ina habari yake. Maswali 14, yote ya lazima: 10 ya alama 6 na 4 ya alama 10. Dogo lipe dakika 10, kubwa 16. Kuchagua hakuna, kwa hiyo hapa nawaunga mkono wa mepesi kwanza. Swali likikukatalia kwenye (b), chukua alama za (a), acha nafasi, songa. Anayefuata namba kwa ukaidi anakwama swali la 4 huku la 13 analolijua linamsubiri hadi karatasi zinakusanywa. Na kwa kuwa kikokotoo hakiruhusiwi, zoea vitabu vya majedwali kuanzia leo. Kugawanya kwa mkono ndiko kunakokula dakika bila mtu kujua.

Mengine ya haraka: usinakili swali, andika namba yake tu. Namba yako ya mtihani iandike kwenye kila ukurasa unapoufungua, si mwisho. Na hiyo rula, mwanangu, iache kwa ajili ya grafu.

Nyanza_Mwandishi
Hamjambo, salamu kutoka Kisumu. Huku kwetu KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, Hisabati ni saa mbili na nusu kwa alama 100, kwa hiyo bei ni dakika moja na nusu hata kabla ya kutoa muda wa kupitia. Sehemu ya pili una maswali 8, unajibu 5. Kinachowaumiza wanafunzi ni kuanza moja, kulikata katikati, kuhamia jingine. Nawaambia: soma yote manane, tia alama matano, kisha usigeuke nyuma.

Karatasi ya Insha ya Kiswahili ni saa moja na dakika 45 kwa insha mbili, alama 20 kila moja. Watoto huipamba ile ya lazima kwa methali hadi dakika 70 zimekwenda, ya pili inapata mabaki na haifiki maneno 400. Kata katikati: dakika 50, 50, tano za kusoma ulichoandika.

Mtahiniwa_Novemba
Shikamoo mwalimu, na asanteni wote. Jumamosi nimekaa na mitihani ya nyuma, simu ya mama iko mbali inahesabu. Historia nilifuata saa za mwalimu, nikamaliza saa 4:50 na insha zote mbili zimo. Hisabati nimefika maswali 13. La trigonometria limenila dakika 19 na bado sikulipata. Kesho nirudie karatasi nzima?

Mwl_Majedwali
Marahaba. Hapana. Kesho kaa na trigonometria peke yake, na saa uiache kwa mama.