Naomba ushauri: nawezaje kuwa huru moyoni bila kuukimbia uchungu?

Ndugu zangu, kwa heshima naomba ushauri wenu. Mimi ni mjane, mkazi wa Hombolo hapa Dodoma. Tangu mume wangu afariki mwaka juzi na shemeji zangu wakachukua shamba la zabibu tulilolilima pamoja, nimekuwa nikijitahidi kuizima hasira kwa kazi, kwa kwaya na kwa kuwaambia watu kwamba nimekwisha kusamehe. Suala la shamba liko baraza la ardhi, hilo silileti hapa. Ninalolileta ni moyo, kwa maana kila msimu wa mavuno, nao kwetu huja mara mbili kwa mwaka, nikipishana na magari yaliyobeba zabibu kifua hunibana na usiku silali.

Mzee mmoja wa kanisa alinifariji kwamba mzabibu usipopogolewa hauzai vizuri. Ni kweli, lakini nimeona pia mkato ukidondosha maji baada ya kupogoa, na hakuna anayeuambia mzabibu unyamaze.

Siku hizi uchungu ukija sijishughulishi ili niusahau. Nakaa nao na kuutaja kwa jina lake, kama ni wivu nasema ni wivu. Mara nyingine hupungua, mara nyingine hunilemea nisiweze hata kuwasha jiko.

Je, mliopitia haya, mlitofautishaje kuukubali uchungu na kukata tamaa? Tena, yawezekana mtu kuwa huru ndani huku akiendelea kudai haki yake? Tafadhali msiniambie niombe tu, kuomba naomba.