Ni wiki gani inafaa kwenda Hangzhou kuona uchumaji wa chai?

Mfanyabiashara wa Kariakoo
Habari zenu, ndugu zangu. Nitahudhuria awamu ya pili ya maonesho ya Canton, Guangzhou, ambayo huanza tarehe 23 Aprili, na ningependa kupitia Hangzhou kwanza ili nishuhudie chai ya Longjing ikichumwa na kukaangwa kwa mkono. Je, nikifika tarehe 18 nitakuwa nimechelewa? Nitasafiri na mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua.

Mkazi wa Yiwu
Ndugu, wachumaji utawakuta, lakini chai inayosifiwa zaidi itakuwa imekwisha. Wenyeji hufuata kalenda yao ya kilimo: chai ghali kuliko zote ni ile inayochumwa kabla ya Qingming, yaani tarehe 4 au 5 Aprili, kisha hufuata ile ya kabla ya Guyu, ambayo huangukia tarehe 20 hivi. Aina iitwayo Longjing 43 huweza kuanza kuchumwa katikati ya Machi, ilhali mashina ya asili huchelewa kidogo. Sikushauri kabisa kwenda katika sikukuu yenyewe ya Qingming, kwa sababu watu wakishazuru makaburi hutoka matembezini, na barabara ya kuingia Meijiawu, kijiji cha wakulima wa chai, hufurika magari. Kwa ratiba yako, ningefika kati ya tarehe 8 na 12, nikamaliza shughuli za soko la Yiwu, ambako ni chini ya saa moja kwa treni ya kasi, ndipo nikateremka Guangzhou.

Binti wa Kericho
Nakubaliana na kaka hapo juu, ila tarehe zisichukuliwe kama msahafu. Kwetu Kericho chai huchumwa mwaka mzima, lakini kule baridi huulaza mmea, na Machi ikiwa ya baridi kali machipukizi huchelewa. Mvua nayo husimamisha kazi, kwa kuwa majani yaliyolowa hayakaangiki vizuri; kwa hiyo tenga siku mbili au tatu. Shambani nenda asubuhi, utazame mchumaji anavyolinyanyua chipukizi hadi likatike bila kulifinya kwa kucha, kwani alama ya kucha hugeuka nyeusi. Majani hutandazwa kwa saa kadhaa yanyauke, ndipo yaingie karaini, ambamo mkaangaji huyakandamiza kwa kiganja kitupu mpaka yawe bapa. Kwangu mimi, hapo karaini ndipo penye thamani ya safari yote.

Mfanyabiashara wa Kariakoo
Nashukuru sana, dada. Na mama je, ataweza kufika mashambani?

Mkazi wa Yiwu
Ataweza, mradi msipande kuelekea kilima cha Shifeng. Mpeleke Jumba la Makumbusho ya Chai la Taifa, upande wa Shuangfeng, ambako kiingilio ni bure na mashamba yamelizunguka. Meijiawu pia iko bondeni, hivyo ataona wachumaji akiwa kando ya barabara. Mkitaka kununua, ombeni kuonjeshwa kwanza, na msikubali kuuziwa chai ya Aprili kwa bei ya ile ya Machi.

Mfanyabiashara wa Kariakoo
Basi nitakata tiketi ya kufika tarehe 9.