Vumbi la mawe ya fosfati: barakoa ya kitambaa inatosha?

Msagaji: Ndugu wanajukwaa, ninafanya kazi katika kiwanda cha mbolea, sehemu ya kusagia mawe ya fosfati, ambako vumbi ni jingi na ghala halipitishi hewa. Nimesikia kwamba mawe hayo yana urani, metali inayotoa mionzi, lakini msimamizi wetu anasema kitu cha asili hakidhuru. Je, ni kweli? Na barakoa ya kitambaa tuliyopewa inatosha?

Fundi Migodi: Msimamizi wako amekosea. Miamba ya fosfati, ukiwemo wa Minjingu karibu na Ziwa Manyara, huwa na urani pamoja na radiamu, metali nyingine ya mionzi, ambayo nusu yake huchukua takriban miaka 1,600 kuoza na ambayo huzaa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Radoni hujikusanya katika ghala lililofungwa, na vizalia vyake, yaani chembe za mionzi zinazotokana nayo ikioza, vikivutwa hunasa mapafuni. Kitambaa hakiizuii gesi hiyo, na vumbi laini hukipenya. Mionzi ya gama, ile inayopenya vitu kwa urahisi, inayotoka kwenye rundo lenyewe haizuiwi na barakoa yoyote. Hupunguzwa kwa kukaa mbali na rundo na kufupisha muda wa kuwa karibu nalo.

Mama Afya Kazini: Ni sahihi, ila tusimtishe. Wafanyakazi wengi wa fosfati hupata mionzi iliyo chini sana ya kikomo cha wastani wa milisiverti 20 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka. Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kulisema hilo kuhusu ghala ambalo halijapimwa. Viwango vya kimataifa huanza kudai usimamizi pale malighafi inapozidi bekereli 1 (kipimo cha ukali wa chanzo cha mionzi) ya urani au thori, metali nyingine ya mionzi, kwa gramu, na fosfati nyingi za mashapo, yaani zilizotokana na tope lililotuama na kuwa mwamba, hukaribia au huvuka mpaka huo. Andikeni barua kwa mwajiri, kupitia chama cha wafanyakazi, mkiomba Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ije kupima. Wakati mkisubiri, vumbi linyonywe pale linapotokea, ghala lipitishe hewa, mpewe barakoa za kuchuja chembe, msile kazini, na nguo za kazi zifuliwe hapo hapo kiwandani badala ya kupelekwa nyumbani kwa watoto.

Msagaji: Nawashukuru. Tukipimwa, nina haki ya kuona matokeo yangu?

Mama Afya Kazini: Unayo. Mwajiri anapaswa kutunza kumbukumbu za mionzi uliyopata na kukuonesha ukiziomba.