Manesi wakibadilishana zamu wapeane ripoti ya wagonjwa kando ya kitanda ama kwa meza yao?

MkaziWaUmoja: Nauliza kwa uchungu. Mzee wangu ako na sukari, alilazwa wiki mbili hospitali moja hapa Nairobi. Saa moja unusu asubuhi nesi wa usiku anampa wa mchana ripoti kule mezani, faili juu ya faili, mbio mbio, ameshavaa koti. Siku moja sindano ya insulini ikarukwa, kila mtu alidhani mwenzake amemdunga. Nikaigundua mimi saa nne nikimletea uji. Wangesimama kitandani si mzee mwenyewe angesema bado? Mzee hajapoteza akili, ni mguu tu. Na waache simu kidogo.

SistaWaUsiku: Pole sana kwa mzee, hiyo sindano haikufaa kurukwa. Lakini simu imeingia wapi hapo? Daktari akiandika lita moja ya dripu iishe kwa masaa nane, na seti, ule mpira wa dripu, ni ya matone 20 kwa mililita, hayo ni matone kama 42 kwa dakika. Nayahesabu na nini? Saa ya ukuta wodini kwetu ilikufa kitambo. Nikitoa simu, wewe ukipita mlangoni unaona nachati.

Kijana_Kawangware: Dada wengine wanachati kweli, tusidanganyane. Nililazwa na mguu, niliita mpaka sauti ikaisha.

SistaWaUsiku: Uliita usiku? Mimi usiku niko peke yangu na wagonjwa 40. Dakika mbili kila kitanda, hiyo ripoti ni saa moja na dakika ishirini, na gari la mtoto wa shule halinisubiri. Tukigoma 2017 miezi karibu mitano mlituita wauaji, leo mnashangaa wodi haina watu.

MamaPacha: Mimi sitaki ripoti kitandani, nitasema kwa nini. Wodi ya akina mama, tumelala wawili wawili, pazia hakuna. Nesi akasoma kwa sauti, huyu ako kwa dawa, viral load yake, yaani wingi wa virusi vya ukimwi kwa damu, iangaliwe. Kitanda cha tatu alikuwa jirani wa ploti yetu. Nikarudi nyumbani na watoto wangu wawili nikakuta habari zilifika kabla yangu. Ile sheria ya ukimwi ya 2006 inakataza, na katiba kifungu cha 31, lakini ploti haisomi katiba.

MkaziWaUmoja: Mama pole, hiyo ni dhambi kubwa. Lakini si lazima wasome kila kitu. Wakumbuke 2018 pale hospitali ya Kenyatta, mtu alifunguliwa kichwa na si yeye aliyefaa kupasuliwa, lebo za wagonjwa zilichanganyika. Lebo iko mkononi kwa mgonjwa, utaiona aje ukiwa mezani?

Mzee_wa_Kariokor: Hiyo ya 2018 ilifika mpaka thieta na hao madaktari wote, usiwabebeshe manesi kesi nzima.

MkaziWaUmoja: Sijawabebesha! Nasema watu waangalie mgonjwa kwa macho, basi.

MwanafunziKMTC: Tunafundishwa mpangilio wa kutoa ripoti, unasema hali ya sasa, historia, ulichoona, unachopendekeza. Ulianzia kwa wanamaji wa Marekani kwa nyambizi, zile meli za chini ya maji. Tulivyoona mafunzoni, yale ya siri yanabaki mezani, kitandani mnaangalia dripu, kidonda, mkojo kwa mfuko, lebo, na mgonjwa anaulizwa jina lake. Haichukui muda.

SistaWaUsiku: Haichukui muda wewe ukiwa mwanafunzi, mko sita nyuma ya mwalimu. Kuja uhesabu vitanda na mimi Jumapili usiku.

Kijana_Kawangware: Sista sikukutukana. Nilikuwa na maumivu na hakuna aliyekuja, ndiyo nasema.

SistaWaUsiku: Nimekusikia. Lakini nikiitwa mtu wa simu naumia, nimeshika mikono ya watu wakifa na hiyo simu ikiwa mfukoni inaita ya mtoto wangu.

Mzee_wa_Kariokor: Kwani saa ya ukuta ni pesa ngapi? Tuchange tu, nitaileta mimi mwenyewe Jumamosi.

MamaPacha: Mchange pazia kwanza.