Gego limeacha kuuma: je, bado kuna haja ya kutibu mzizi?

Muulizaji
Habari zenu. Gego langu la kwanza la juu, ambalo limetoboka, lilikuwa likiniuma usiku kucha, na likiguswa na maji baridi maumivu yalikuwa hayaondoki upesi. Nilimeza antibiotiki na sasa limetulia kabisa. Hata hivyo, daktari anasisitiza kwamba ama mzizi utibiwe au jino ling'olewe. Kwa nini nihangaike na jino lisiloniuma?

Mchangiaji wa kwanza
Pole sana, ndugu. Jino lililouma hivyo likinyamaza, mara nyingi ni kwa sababu kiini chake, chenye neva na mishipa ya damu, kimekufa. Antibiotiki husafirishwa na damu, na pale ambapo damu haifiki dawa nayo haifiki. Kwa hiyo bakteria hubaki ndani ya mzizi, mfupa ulio kwenye ncha yake ukaendelea kuliwa kimyakimya, hadi siku usaha utakaporudi. Ukiona uvimbe unashuka shingoni, au ukapata shida ya kumeza au kupumua, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Muulizaji
Ahsante. Basi si afadhali ling'olewe yaishe?

Mchangiaji wa pili
Inategemea kilichosalia. Jino lililopasuka kwa urefu hadi mzizini, au lililooza likabaki kisiki, mimi nisingelihangaikia. Lakini kama kuta zake bado ni imara, ni heri kulitunza, maana ukiacha pengo meno ya jirani huanza kuliinamia. Utachomwa sindano ya ganzi, jino litengwe kwa mpira mwembamba ili mate yasiingie, kisha mifereji iliyo ndani ya mizizi isafishwe kwa vitupa vyembamba mno na dawa ya kuua vijidudu, ndipo ijazwe gutapacha, ambayo asili yake ni utomvu wa mti. Muulize daktari kuhusu mfereji wa nne: gego kama lako huwa nao mara nyingi, nao ni mwembamba na ni rahisi kupitwa.

Mchangiaji wa tatu
Msisahau kofia ya jino, yaani kifuniko kigumu kinachovishwa juu ya jino lililotibiwa. Wengi wakishazibwa hawarudi kuvishwa, kwa kuwa maumivu yameisha, ilhali gego lililochimbwa hivyo hupasuka kwa urahisi linapotafunia. Kuuma kidogo kwa siku chache baada ya matibabu ni kawaida. Kukizidi au uvimbe ukitokea, rudi kwa daktari. Hadi kofia iwekwe, tafunia upande wa pili.