“Binti yangu, kaa chini”: yule mtaalamu wetu amenivunjia heshima kwa kuuliza kuhusu Wafaransa na tamthilia ya Kiingereza

Mpenda Tanzia (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa bado na hasira, na sina nia ya kuisubiri ipoe. Yule mtaalamu wetu, ambaye kila aliyewahi kukanyaga kongamano la fasihi hapa mjini anamfahamu kwa sauti yake nzito na kwa tabia yake ya kujibu maswali kabla hayajaulizwa, ameniambia leo mchana mbele ya ukumbi mzima: “Binti yangu, kaa chini. Wafaransa waliwapa Waingereza mvinyo. Tamthilia Waingereza walijiandikia wenyewe.” Halafu akacheka. Alicheka kwa muda ambao ungemtosha Shakespeare kuandika tendo zima la tanzia na kulisahihisha, ukumbi ukacheka naye, na kipaza sauti kikachukuliwa mkononi mwangu kabla sijasema neno la pili.

Swali langu lilikuwa moja, na nililiuliza kwa heshima zote: imekuwaje mhadhara mrefu kuhusu tamthilia ya Uingereza, tangu enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza hadi Mfalme Charles wa Kwanza, umekwisha bila Mfaransa hata mmoja kutajwa? Jibu likawa mvinyo. Mvinyo, ndugu zangu!

Kinachonichoma zaidi ni kwamba alipokuwa akiyatamka maneno hayo alishika mkononi Juliasi Kaizari, toleo la mwaka 1969 la tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, akiipunga hewani kuthibitisha kipaji cha Mwingereza asiyemtegemea mtu. Kitabu kile kile kilikuwa kinamsuta. Kisa cha Kaizari Shakespeare alikichota kwa Plutarch, Mgiriki wa kale, lakini alikisoma katika Kiingereza cha Thomas North kilichochapishwa mwaka 1579, na North naye hakutafsiri kutoka Kigiriki bali kutoka Kifaransa cha Jacques Amyot cha mwaka 1559. Jambo hili halihitaji mpelelezi, kwa sababu limeandikwa kwenye ukurasa wa mbele wa kitabu cha North mwenyewe. Kwa njia hiyo hiyo zikaja Antony and Cleopatra na Coriolanus, na yale maelezo mashuhuri ya Kleopatra akiwa ndani ya jahazi lake yanaifuata nathari ya North kwa ukaribu unaomshangaza kila anayeziweka kurasa hizo mbili pamoja. Hata aliyekipiga chapa kitabu hicho London, Thomas Vautrollier, alikuwa Mprotestanti wa Kifaransa aliyekimbilia Uingereza. Na alipofariki, mjane wake aliolewa na Richard Field, kijana wa Stratford, ambaye mwaka 1593 ndiye aliyechapa shairi la Shakespeare la Venus and Adonis. Nikaambiwa nikae chini.

Tuje kwa Hamlet. Saxo Grammaticus wa Denmaki alikiandika kisa hicho kwa Kilatini, lakini aliyekitawanya kwa wasomaji wa kawaida ni François de Belleforest, katika juzuu ya tano ya mikasa yake ya Kifaransa, mwaka 1570. Masimulizi ya Kiingereza yaliyotokana na Belleforest yalichapishwa mwaka 1608, tamthilia ikiwa imekwisha kuchezwa na kuchapishwa. Basi mzuka wa baba yake Hamlet ulivuka bahari ndani ya chupa ya divai?

Na Montaigne, yule Mfaransa mwandishi wa insha, je? John Florio alizitoa insha zake kwa Kiingereza mwaka 1603. Katika The Tempest ya Shakespeare, mzee Gonzalo anaposimulia nchi anayoitamani, isiyo na biashara, isiyo na mahakimu, isiyo na tajiri wala maskini, isiyo na mikataba wala mirathi, anaorodhesha mambo yale yale ambayo Montaigne aliyaorodhesha alipowaandika wenyeji wa Brazili, na anayaorodhesha kwa maneno ya Florio. Edward Capell aliligundua hilo tangu karne ya 18. Yule bwana amekuwa na zaidi ya miaka 200 ya kulisoma, na bado alichokiona Ufaransa ni mashamba ya mizabibu.

Sitaki kuzungumza sana kuhusu Romeo and Juliet, ambayo kisa chake kilipita kwa Mfaransa Pierre Boaistuau mwaka 1559 kabla Arthur Brooke hajaigeuza shairi la Kiingereza mwaka 1562, wala kuhusu Shakespeare kupanga chumba London katika nyumba ya Wafaransa, familia ya Mountjoy, hata akatoa ushahidi mahakamani mwaka 1612 katika kesi yao ya mahari. Ninachotaka kila mmoja aelewe ni kwamba nilikuwa na haya yote kichwani, nimesimama, kinywa wazi, na mtu mzima akaniita binti yake na kunicheka. Kila mtu hapa anamfahamu. Mfikishieni uzi huu.

Kalamu Kavu

Pole sana, dada. Una bahati umeitwa binti. Mimi na mvi zangu aliniita mtoto. Kosa langu lilikuwa kumkatiza aliposema kwamba vichekesho vya Kiingereza vilianzia kwa Shakespeare. Mwaka 1533, miaka 31 kabla Shakespeare hajazaliwa, William Rastell alichapisha Johan Johan ya John Heywood, kisa cha mume mnyonge, mke wake na padri wao, ambacho kimetokana moja kwa moja na kichekesho cha Kifaransa kuhusu andazi la nyama. Mume anatumwa maji na ndoo iliyotoboka huku wenzake wawili wakila andazi lote. Nilipolitaja andazi hilo, ukumbi ulicheka hadi nikashindwa kumaliza. Kwa hiyo kicheko chako ni cha pili. Cha kwanza ni changu.

Mwana wa Bandari

Mleta uzi, umeandika waraka unaomkaribia Plutarch kwa urefu kwa sababu ya kicheko kimoja. Bwana yule alikosa adabu, lakini kuhusu jukwaa lenyewe hakukosea sana. Kuchukua kisa ni jambo moja, na kuchukua ufundi wa jukwaa ni jambo jingine. Tanzia za Mfaransa Robert Garnier zina kiitikio, yaani kundi linalosema au kuimba pamoja, hotuba ndefu, na vifo vinavyosimuliwa na mjumbe. Watazamaji wa London waliolipa peni moja wakasimama uwanjani walitaka kuiona damu kwa macho yao, na waandishi wakawapa. Kama Ufaransa ingekuwa mwalimu wa kweli, Kaizari angeuawa nyuma ya pazia.

Mpenda Tanzia (mleta uzi)

Ndugu Mwana wa Bandari, mwaka 1594 Cornélie ya Garnier ilitoka kwa Kiingereza, na mtafsiri wake alikuwa Thomas Kyd, yule yule wa The Spanish Tragedy, tamthilia ambayo damu yake haijakauka hadi leo. Mtu aliyewafundisha Waingereza kulipiza kisasi jukwaani aliketi na Garnier mstari kwa mstari. Hilo ndilo ningelisema kama kipaza sauti kisingechukuliwa. Na alicheka, nasisitiza, alicheka hadi akashika meza.

Bibi Maktaba

Wanangu, mnagombana kuhusu Kyd na mmempita aliyetangulia. Mary Sidney Herbert, mke wa mtawala wa Pembroke, aliikamilisha tafsiri ya Marc Antoine ya Garnier mwaka 1590 na kuichapisha mwaka 1592, katika kitabu kimoja na tafsiri yake ya maandishi ya Mfaransa Philippe de Mornay kuhusu uhai na mauti. Samuel Daniel akaiandikia Cleopatra iwe mwenzake mwaka 1594. Mwaka 1613 Elizabeth Cary akachapisha Mariam kwa mtindo huo huo wa kiitikio na hotuba, na hiyo ni tanzia ya kwanza kutungwa na mwanamke wa Kiingereza na kupigwa chapa. Malalamiko yangu ni ya miaka mingi kuliko ya mleta uzi: kila anayezitaja tamthilia hizi huongeza haraka kwamba hazikuchezwa katika majumba ya umma, kana kwamba kusomwa kwa sauti ndani ya nyumba ya watu wenye elimu ni aibu. Kleopatra wa Kiingereza alikuwa na sauti ya mwanamke kabla Shakespeare hajamgusa.

Msomi wa Venisi

Nami nina langu. Kila mada ikifunguliwa hapa, Italia inaporwa. Boaistuau na Belleforest walimtafsiri na kumrefusha Bandello, Mwitalia! Hata mkasa wa The Duchess of Malfi ya Webster ulianza kwa Bandello, ukapita kwa Belleforest, kisha William Painter akautia katika Kiingereza katika miaka ya 1560. Kama kuna mtu wa kuambiwa akae chini, ni Mfaransa aliyebeba mzigo wa mwenzake na kusifiwa kwa kuubeba.

Kalamu Kavu

Aliyebeba ndiye aliyefikisha, ndugu. Na Wafaransa hawakuleta vitabu tu, walileta na ugomvi. George Chapman, mtunzi wa tamthilia wa Kiingereza, alipomweka jukwaani Duke wa Byron, mkuu wa Kifaransa, mwaka 1608, miaka 6 tu baada ya mtu huyo kukatwa kichwa Paris, balozi wa Ufaransa alilalamika kwa sababu malkia wa Ufaransa alionyeshwa akimzaba kofi kimada wa mumewe. Waigizaji wakakamatwa. Hasira yangu ni kwamba tukio hilo la kofi halimo katika matini iliyochapishwa, na wachapishaji wa leo wanaliweka katika tanbihi ndogo ambayo hakuna anayeisoma.

Bibi Maktaba

Waigizaji hao walikuwa wavulana. Zungumzeni pia kuhusu wanawake. Mwaka 1629 kundi la Kifaransa lililokuwa na waigizaji wanawake lilipanda jukwaa la Blackfriars, ukumbi wa michezo wa London, na kuzomewa, ilhali miaka 3 kabla, Malkia Henrietta Maria mwenyewe, mke Mfaransa wa Mfalme Charles wa Kwanza, aliigiza mchezo wa Mfaransa Racan kwa Kifaransa pamoja na mabibi wa kasri lake, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo.

Msomi wa Venisi

William Prynne, Mprotestanti mwenye msimamo mkali, alithubutu, Bibi. Kitabu chake dhidi ya michezo kiliwaita waigizaji wanawake makahaba, wakati malkia yumo katika mazoezi ya mchezo wa Walter Montagu uliochezwa mwanzoni mwa mwaka 1633. Mwaka 1634 akaadhibiwa kwa kitabu hicho, akakatwa masikio.

Mwana wa Bandari

Mwaka 1634 alikatwa sehemu tu ya masikio. Yaliyobaki yalikatwa mwaka 1637 kwa kosa jingine kabisa. Fungueni uzi wake tulijadili huko.