Vespa mpya ya Zuhura: gumzo la kikundi cha familia

Zuhura: Assalaam alaykum jamani. Chombo kimeshafika nyumbani. [picha] TVS Ntorq 125, skuta ya otomatiki. Leo nimekwenda nacho kazini kwa mara ya kwanza, Fuoni mpaka spitali ya Mnazi Mmoja, na nimerudi salama salimini.

Mama Salma: Waalaykum salaam. Mashallah tabarakallah! Mungu akitie baraka.

Bi Time: Mashallah mjukuu wangu. Imeshasomewa dua?

Zuhura: Imesomewa Bibi. Ami Haji kaja jana baada ya Isha.

Khalfan: Hongera da Zuhura. Sasa tupe habari zake, usituwekee picha tu.

Salma: Na mie nasikiliza. Nataka kununua, ila pikipiki ya gia inanitisha.

Zuhura: Basi Salma nianze na hilohilo. Ile Vespa PX ya zamani ya marehemu baba, gia zote ziko mkono wa kushoto. Unabana klachi, unazungusha mpini, ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne, na breki ya nyuma iko mguuni kulia. Hii haina gia wala klachi, unazungusha mafuta tu inakwenda. Lakini pale palipokuwa na klachi sasa ni breki ya nyuma! Mtu kama mie niliyezoea PX, akikatiwa njia pale Darajani vidole vinabana vyenyewe kwa mazoea, na chombo kinasimama ghafla na gari iko nyuma. Kwa hiyo kabla ya kutoka barabara kubwa niliizungusha kwanza kiwanja cha mpira hapa mtaani, jioni watoto wameshaondoka, kwenda na kusimama, kwenda na kusimama, mpaka mkono ukakubali. Weye usiyezoea klachi utakuwa na kazi ndogo kuliko yangu.

Ami Haji: Hapo umefanya la maana mwanangu. Nina swali moja. Ina kiki ya kuwashia kwa mguu?

Zuhura: Inayo Ami. Ina stata ya kidole na kiki pia.

Ami Haji: Basi roho yangu imetulia. Hizi otomatiki betri ikifa huwezi kuisukuma ukaistua kama PX. Ikikosa kiki umekwama.

Ami Haji: Na spea je? PX spea imelala ubavuni ndani ya shavu la kushoto. Tairi likipasuka njiani unafungua nati, unabadilisha, unaondoka. Huhitaji mtu.

Zuhura: Spea haina Ami. Hilo ndilo nililolifikiria sana kabla ya kutoa pesa.

Khalfan: Baba, hizi ni tyubulesi, tairi lisilo na tyubu ndani. Msumari ukiingia upepo hautoki wote kwa mara moja kama tairi la tyubu, mtu anapata muda wa kusogea pembeni taratibu, mara nyingi hata kufika kwa fundi. Na kuziba ni kamba ya mpira tu unaichomeka kwenye tundu, hata tairi halivuliwi. Da Zuhura, nunua ule mfuko wa kamba na sindano zake, na pampu ndogo, uviweke chini ya kiti. Hiyo ndiyo spea yako.

Ami Haji: Sawa. Lakini avinunue kweli.

Zuhura: Nitanunua kesho Ami, inshallah.

Mama Salma: Nambie breki. Mie mengine siyaelewi.

Zuhura: Mama, breki ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote. Mbele kuna diski. PX mbele ilikuwa ya dramu, na mvua ikinyesha ulikuwa unapanga kusimama mapema sana. Leo pale Mwanakwerekwe daladala imesimama mbele yangu bila ishara, nimebana zote mbili, imetulia palepale, haikuyumba. Lakini kwenye mchanga, kama hapa kona ya kuingia kwetu, ya mbele naigusa kidogo mno. Ukiibana pale gurudumu linateleza na uko chini, diski au si diski.

Zuhura: Magurudumu nayo ni makubwa kidogo, inchi 12, ya PX ni 10. Kwenye lami hutaona tofauti kubwa. Ingia barabara ya ndani, kwenye yale makorongo waliyotuachia masika, hapo utajua. PX ilikuwa inazama kwenye kila shimo, hii mengine inayavuka. Na mashine ya PX yote iko upande wa kulia, unaendesha huku unaisawazisha. Hii imekaa sawa.

Salma: Na ile skrini? Naona inaunganishwa na simu.

Zuhura: Ndiyo, kwa blututhi. Mtu akikupigia jina linatokea mbele yako. Nimeitazama siku ya kwanza kisha nimeizima. Jina likitokea unataka kujua kuna nini nyumbani, na barabara ya mjini haikupi nafasi hiyo. Naomba mnielewe, nikiwa njiani sipokei wala sitazami. Nikifika nitapiga.

Mama Salma: Ahsante sana mwanangu. Hilo lilikuwa moyoni kwangu.

Bi Time: Na buibui unalifanyaje? Mie naogopa magurudumu tu.

Zuhura: Bibi, ndani navaa suruali. Buibui nalikusanya, nalikunja pande mbili, nalikalia, na mtandio nauchomeka ndani ya koti. Kabla sijaondoka natazama nyuma kulia na kushoto hakuna ncha inayoning'inia. Na abiria wangu vilevile, siondoki mpaka nimeona kaikalia nguo yake, kofia ngumu kaivaa na kaifunga kidevuni. Salma, nakwambia wewe hasa, kuiweka kichwani bila kuifunga ni sawa na kutovaa.

Salma: Nimesikia dada 🙏🏾

Khalfan: Kazini umefikaje? Moshi?

Zuhura: Hapo nimefurahi mno. Nyote mnajua PX ni tustroki, oili inaungua pamoja na petroli. Zamu ya asubuhi natoka bado giza, nikipiga kiki mtaa mzima unaamka na moshi unaingia dirishani kwa Mama Asha, mgonjwa wa pumu wa watu. Na sare nyeupe inafika spitali ina harufu ya oili, mara nyingine na vitone pindoni. Leo nimewasha, Mama Asha anasema hakusikia kitu. Sare ilikuwa chini ya kiti, imekunjwa pamoja na viatu na koti la mvua, imetoka safi. PX ukiinua kiti unakuta tangi tu.

Ami Haji: Na mafuta? Bei zenyewe ZURA, wadhibiti wa maji na nishati hapa Zanzibar, wanazitangaza kila mwezi, mtu hujui za mwezi ujao.

Zuhura: Tangi lake ni dogo kuliko la PX Ami, lakini linadumu. Nilitia tangu siku ya kuichukua dukani, bado ninayo. Na mdomo wa tangi uko nje, hufungui kiti. Nikiwa nimebeba abiria au mzigo hiyo ni raha.

Ami Haji: Salma, weye ukija kuiazima usije ukaitilia oili kwenye petroli kama tulivyokuwa tukifanya sie, lita 5 kwa mililita 100. Hii inataka petroli tupu, oili inakaa kwenye injini peke yake.

Khalfan: Kweli baba. Na oili yenyewe iwe ya skuta, msimwache mtu wa dukani akawapa ya pikipiki yoyote. Kitu kingine, kuna mshipi ndani pale badala ya mnyororo, unalika. Ukianza kuisikia inatetemeka wakati wa kuondoka, au inapiga kelele lakini haiendi, niite.

Bi Time: Na ile vespa ya baba yenu itauzwa?

Zuhura: Haiuzwi Bibi. Baba alitupeleka sote skuli nayo, mie nimesimama mbele nimeshika vioo. Nimempa Ami Haji, ataitumia kwenda msikitini na shamba. Yeye ndiye anayeijua tangu mpya.

Ami Haji: Nitaitunza mwanangu. Inshallah.

Khalfan: Da Zuhura, kilomita 1,000 za mwanzo usiikamue. Usiendeshe kwa mwendo mmoja safari nzima, badilisha badilisha, wala usibebe watu wazito. Oili ya kiwandani tuimwage mapema, ina chembechembe za chuma.

Zuhura: Nimekuelewa. Ijumaa nina nafasi baada ya sala, utakuja?

Khalfan: Saa kumi niko Fuoni. Niwekee beseni na gazeti kuukuu, na iwashe kidogo kabla sijafika. Oili ikimwagwa ina moto inatoka yote.